Mbwa wa nyumbani na nyama mbichi



Jirani yetu mmoja, mwalimu kama sisi, ana mbwa wa kulinda nyumba. Miaka yote mbwa huyo alikula kama walavyo mbwa wengine wa mtaa wetu: makombo ya bugali, mchuzi uliobaki, vichwa vya samaki. Siku moja jirani yetu alipata habari ya kwamba huko Ulaya na Marekani watu wengi wameacha kuwapa mbwa wao chakula kilichopikwa, nao huwalisha nyama mbichi. Habari hiyo ikampendeza. Siku ile ile bugali ilikoma, na mbwa akaletewa mapafu na maini kutoka machinjioni. Kesho yake mbwa aliharisha. Siku ya tatu mama wa nyumba alimkuta mtoto wake mdogo ameketi karibu na sahani ya mbwa, mkono mmoja umo ndani ya damu, na mwingine umo mdomoni.

Mtoto hakuugua. Lakini mama yule alikuja kutuuliza swali lililotupasa kulipima kwa makini: Je, nyama mbichi ni chakula chema kwa mbwa? Nasi, baada ya kulitafakari, twaona ya kuwa linafuatwa na swali la pili lililo kubwa zaidi: Je, nyama hiyo ni salama kwa watu wakaao pamoja na mbwa?

Tutazame kwanza asili ya desturi hii. Yapata mwaka 1860 James Spratt, Mmarekani aliyekaa London, alianza kuuza biskuti za mbwa. Baadaye viwanda vikaongezeka, hata watu wa mijini huko wakazoea kulisha mbwa wao kwa chakula cha mfuko na cha kopo. Ndipo mwaka 1993 mganga wa wanyama wa Australia, jina lake Ian Billinghurst, alipotoa kitabu cha kuwashauri watu wawape mbwa mifupa mibichi yenye nyama, pamoja na mboga. Wanaomfuata husema hivi: mbwa ni uzao wa mbwa-mwitu, na mbwa-mwitu hapiki.

Neno hilo ni kweli, walakini si kweli yote. Mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala, katika nchi ya Sweden, walilinganisha urithi wa mbwa na ule wa mbwa-mwitu. Waliona ya kuwa sehemu ya urithi iliyo na kazi ya kusaga wanga, mbwa-mwitu anayo mara 2 tu, lakini mbwa wa nyumbani anayo mara 4 hata 30. Maana yake ni nini? Ni kwamba mbwa amekaa na mkulima siku nyingi mno, amekula makombo ya mkulima, na tumbo lake limegeuka kwa kufuata chakula hicho. Basi mtu asione haya kumpa mbwa wake bugali. Ila bugali peke yake haitoshi. Mbwa anahitaji nyama, samaki au mayai, na mafuta kidogo. Sambaza za Ziwa Kivu au ndagala za Tanganyika, zikichemshwa nzima pamoja na mifupa yao midogo, zafaa sana. Tena angalieni mchuzi wenye vitunguu vingi, kwa maana vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Sasa tuje kwenye hatari. Mwaka 2002 huko Kanada waganga wa wanyama walipima chakula cha mbwa 10 waliolishwa kuku mbichi. Katika kila sehemu 10 za chakula hicho, 8 zilikuwa na vijidudu viitwavyo salmonela, na kinyesi cha mbwa 3 kati ya wale 10 kilikuwa navyo pia. Mbwa aweza kubeba vijidudu hivyo asionyeshe dalili yoyote. Huzunguka uani, hulamba mikono ya watoto, naye mtoto mchanga au mzee dhaifu ndiye apatwaye na homa na kuhara. Wengine hudhani kuku wa barafu ni salama. La, baridi hulaza vijidudu vya namna hiyo, haiviui. Nyama ikiyeyuka, navyo huamka. Na sisi tunajua jinsi umeme unavyokatika katika miji yetu.

Hatari ya pili ni ya siri zaidi, nayo imo ndani ya mapafu na maini. Yuko mnyoo mmoja wa jamii ya tegu, mfupi kuliko punje ya mchele, akaaye tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kushikamana na majani, na mchanga, na manyoya ya mbwa. Kondoo, mbuzi au ng'ombe akiyala, huota vifuko vya maji katika mapafu na maini yake. Mbwa akila viungo hivyo vibichi, mnyoo huzaliwa tena ndani yake. Lakini mtoto akiyameza mayai hayo kwa mkono usionawiwa, vifuko huota ndani ya mtoto. Navyo hukua polepole, miaka mingi, bila maumivu, hata siku ile mtu mzima atakapopelekwa kwa mpasuaji.

Tuwasimulie habari ya nchi moja iliyoteswa sana na ugonjwa huo. Iceland ni kisiwa cha baridi, chenye kondoo wengi na mbwa wa kuwachunga. Mwaka 1863 mtaalamu kutoka Copenhagen, Harald Krabbe, alifika huko akapasua mbwa 100. Mbwa 28 kati yao walikuwa na mnyoo huyo. Krabbe hakuleta dawa ya ajabu. Aliandika kijitabu chepesi, cha kueleza ugonjwa unatoka wapi na namna ya kuukinga, na mwaka 1864 kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Watu wa kisiwa kile walijua kusoma, wakasoma, wakashika. Wakaacha kuwatupia mbwa viungo vya kondoo vyenye vifuko, wakavichoma au kuvifukia. Sheria zikafuata, na katika karne ya 20 ugonjwa ukatoweka kisiwani. Tazameni, wanafunzi wetu, faida ya kusoma jambo na kulitenda! Na hapa Afrika pia ugonjwa huo wajulikana: katika miaka ya 1980 wafugaji wa Turkana, kaskazini ya Kenya, walihesabiwa miongoni mwa watu walioupata zaidi duniani.

Je, tuwakataze watu nyama mbichi kabisa? Mwaka 2012 chama cha waganga wa wanyama wa Marekani kilitoa shauri la kutowapa mbwa nyama isiyopikwa. Wako wengine wanaoitetea, nao husema mbwa wao wana manyoya mazuri na meno safi. Sisi hatugombani nao. Lakini twawaambia wazazi: nyumba yenye mtoto atambaaye, mama mwenye mimba, mgonjwa au mzee dhaifu, ipike chakula cha mbwa. Sufuria moja na kuni kidogo ni nafuu kuliko hospitali.

Basi, yashikeni haya. Mapafu na maini yachemsheni dakika 30, tangu maji yanapotokota. Yakiwa na vifuko vya maji, msimpe mbwa, bali yachomeni au yafukieni chini sana. Mifupa iliyopikwa iondoeni, kwa sababu huvunjika kama vigae na kuchoma utumbo. Mbwa mchanga msimlishe nyama tupu, kwa maana haina chokaa ya kutosha, na miguu yake itapinda. Sahani ya mbwa iwe yake peke yake, ioshwe mbali na vyombo vya watu, na kila aishikaye anawe kwa sabuni. Dawa ya minyoo ya mbwa iulizeni kwa mganga wa wanyama.

Na mkitaka kumbadilishia mbwa chakula, fanyeni kwa muda wa siku 7 hata 10: kwanza robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Haraka haraka haina baraka, na tumbo la mbwa halikutengwa na methali hiyo.

Jirani yetu bado huenda machinjioni. Ila sasa mapafu hupita kwanza katika sufuria kuukuu, nyuma ya nyumba, kisha huchanganywa na bugali. Mbwa amenenepa. Na mtoto amefundishwa neno moja, ambalo hulisema kwa sauti kuu kila mgeni akifika: «Nawa mikono!»