Mlango wa Kwanza wa Mlalamikaji wa Zabuni

Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Manchira wilayani Serengeti, alinipigia simu kwa uchungu. Kikundi chao cha vijana kiliomba zabuni ya ukarabati katika halmashauri moja, kikaenguliwa kwa kukosa hati ambayo yeye anasema waliiwasilisha. "Mwalimu, tumekwisha kumwandikia Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Mbunge na TAKUKURU." Nikamwuliza: Mkurugenzi je? Hawakumwandikia, kwa kuwa ndiye waliyekuwa wakimlalamikia.

Siwalaumu. Mtu aliyekulia kando ya bwawa la Manchira amesikia tangu utotoni habari za chujio la maji ya Mugumu zikipelekwa bungeni mwaka hadi mwaka. Hapo mlango ulikuwa sahihi, kwani bajeti huombwa kwa wanasiasa. Zabuni ni jambo jingine. Mzabuni aliyeonewa haombi hisani. Anadai haki yenye utaratibu wake na, kwa bahati mbaya, yenye saa inayokimbia.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inamtaka apeleke malalamiko kwanza kwa afisa masuuli, ambaye katika halmashauri ni Mkurugenzi, ndani ya siku tano za kazi tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kasoro anayoilalamikia. Asiporidhika na uamuzi, au akinyimwa uamuzi, hukata rufaa kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Mkataba ukishaanza kutumika, afisa masuuli hana tena la kuamua, na njia ni PPAA moja kwa moja. Mahakama Kuu huja baadaye, kwa njia ya mapitio. TAKUKURU huchunguza rushwa, nayo ni kazi njema, lakini haimrudishii mtu zabuni. Mkuu wa Wilaya hana nafasi yoyote katika ngazi hii, hata awe na huruma kiasi gani.

Je, ni haki mtuhumiwa awe hakimu wa kwanza? Binafsi naona ni udhaifu. Hata hivyo, anayemruka afisa masuuli humpa silaha: rufaa yake inaweza kutupwa kabla hoja yake haijasikilizwa. Na siku tano ni chache mno kwa vijana wasio na mwanasheria, vijana walewale ambao sheria imewatengea, pamoja na wanawake, wazee na wenye ulemavu, asilimia 30 ya ununuzi.

Ndiyo maana nawaomba watumishi wa vitengo vya ununuzi wanaonisoma: taarifa ya kusudio la kutoa tuzo itaje waziwazi kwa Kiswahili, bila vifungu vya kutisha, malalamiko yapelekwe kwa nani na mwisho ni tarehe ipi. Ni mistari miwili tu.

Kijana wangu alipopiga simu, siku ya tano ilikuwa imepita juzi yake.