Vilivyolala Ardhini, kutoka Siberia hadi Nyamasaria

Mafuriko yalikuwa yamepungua siku mbili tu nilipoingia kwa kinyozi wangu hapa Nyamasaria. Ukutani palikuwa na mstari wa tope, chini kidogo ya soketi ya mashine. Yeye hakuujali. Alinipa simu nitazame video: barafu ya kaskazini inayeyuka, virusi vya kale vinatoka, dunia inaisha. "Mwalimu, hii kitu ikifika Kisumu tumekwisha." Wateja waliokuwa wakingoja wakadakia, kila mmoja na lake. Niliwajibu hoja moja baada ya nyingine, maana ndani ya hofu ile mna ukweli, ila umefungwa vibaya.

"Kuna virusi vya miaka 48,500, vitatumaliza." Vipo kweli. Wanasayansi wa Ufaransa walio pamoja na Jean-Michel Claverie walivitoa katika ardhi ya Siberia ambayo haijayeyuka tangu enzi za tembo wenye manyoya. Mwaka 2014 walitangaza kirusi cha miaka 30,000, na mwaka 2023 wakaeleza hicho kinachotajwa kwenye video. Kilichoachwa ni kwamba virusi hivyo hushambulia amiba, kiumbe cha seli moja, wala si watu. Tena watafiti walichagua amiba kwa makusudi wawe chambo, wasije wakafufua kitu cha kuwadhuru wao wenyewe. Ndoana ya ngege hainasi kiboko. Walichothibitisha ni kwamba kirusi kinaweza kulala muda wote huo na bado kikaamka. Hilo ni jambo zito, lakini si tangazo la msiba.

"Baridi huua vijidudu, barafu ni salama." Aliyesema hivi alikuwa ameshika glasi ya juisi yenye vipande vya barafu. Baridi huvilaza, na maabara huhifadhi vijidudu kwenye friza kwa sababu hiyohiyo. Barafu ya maji ya kisima kichafu ni kisima kilekile, kimegandishwa tu.

"Ndui imefufuka." Hapana. Katika makaburi ya zamani ya Siberia vimepatikana vipande vya vinasaba vya ndui, mabaki ya kirusi kilichokufa. Ni kama kupata ukurasa wa kitabu kilichoungua: unajua kilikuwepo, lakini huwezi kukisoma chote. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, mwaka 1977. Alipona, na baadaye akajitolea kupambana na polio. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kampeni hiyo, na kilichomuua ni malaria. Mtu aliyenusurika ugonjwa ambao dunia nzima iliufuta akaangushwa na mbu. Pale kinyozi hakuna aliyecheka, kwani sote tumewahi kulala na homa hiyo.

"Kimeta ni ugonjwa wa huko kwenye barafu." Hapa ndipo niliposimama kutoka kwenye kiti, shuka bado shingoni. Ni kweli kwamba kiangazi cha 2016 joto lilipanda hadi karibu nyuzi 35 katika rasi ya Yamal kaskazini mwa Urusi, tabaka la juu la ardhi likayeyuka kuliko kawaida, na kimeta kikalipuka. Kulungu wa kufugwa zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto wa miaka 12 akafariki. Jambo ambalo video haikulisema ni kwamba chanjo ya mifugo kule ilikuwa imesimamishwa mwaka 2007, kwa kuwa ugonjwa haukuwa umeonekana tangu 1941. Watu waliusahau, udongo haukuusahau.

Lakini bakteria wa kimeta hahitaji barafu. Hujifunga ndani ya ganda gumu na kungoja ardhini miaka mingi, katika udongo wa kawaida, kama huu wetu. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mwaka 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwenye mto Ishasha, unaoingia Ziwa Edward, upande wa Virunga nchini Kongo. Ukame hufanya ng'ombe wachunge hadi mizizini, wakala na vumbi; mvua kubwa huchimbua kilichozikwa na kukisogeza. Nikawauliza: ng'ombe akianguka ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, mnafanyaje? Kimya. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Tunagawana nyama kabla haijaharibika." Ndivyo kimeta kinavyomfikia mtu: kwa kisu, kwa mkono wenye mchubuko, kwa sufuria. Mzoga kama huo haupasuliwi hata kidogo. Anaitwa daktari wa mifugo, kisha unazikwa kwa kina au kuchomwa.

"Basi hayo ya barafu hayatuhusu," kinyozi akahitimisha, mashine ikinguruma. Hoja hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana inasikika kama busara. Sisi hatuna ardhi iliyoganda, lakini tuna ardhi iliyokauka, nayo huhifadhi vya kwake. Homa ya Bonde la Ufa, iliyogunduliwa karibu na Naivasha miaka ya 1930, hungoja ndani ya mayai ya mbu kwenye mabonde makavu. Mayai yanaweza kukaa miaka bila maji. Mvua ya El Niño ikijaza bonde, mbu huanguliwa wakiwa tayari na kirusi, kisha mbuzi na kondoo huanza kuharibu mimba. Tuliyaona hayo 1997 na tena 2006. Siberia kinachoamsha ni joto. Huku ni maji, na joto la dunia linayaongeza maji hayo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipita rekodi yake ya 1964.

Na kipindupindu hakihitaji hata kulala. Kinahitaji choo cha shimo kilichofurika karibu na kisima kifupi, kwenye udongo huu mweusi ambao maji hayazami.

Kinyozi akazima mashine. "Sasa hapa kwetu tuogope nini, Mwalimu?"

Nilimwomba tutoke nyuma. Mlango wa choo cha ploti ulikuwa na mstari wa tope, kimo kilekile cha soketi. Hatua kumi na mbili mbele, kwenye ukingo wa kisima, mstari ulikuwa palepale, na ndoo ya kamba ilikuwa bado inaning'inia.