Kamba ya mpanda mchikichi ihesabiwe kwenye bei ya dumu

Ndugu zetu waliorejea Burundi kutoka Tanzania, kuanzia wimbi la mwaka 2002 hadi lile la mwaka 2017, wengi wa upande wa Rumonge wamerudia michikichi. Nasi tunaonunua mawese huko na Kigoma hubishana mno juu ya bei ya dumu. Katika mabishano hayo sijasikia mtu akitaja kamba ya mvunaji.

Mchikichi mkongwe unaweza kufikia mita 20. Mvunaji hujizungushia kamba pamoja na shina, akaegemea nyuma na kuisogeza juu hatua kwa hatua. Kila hatua kamba inasuguana na vikonyo vikali vya makuti yaliyokatwa. Ikikatika, hakuna ya pili.

Dawa yake ipo kwa fundi viatu wa sokoni. Ni ala ya ngozi nene ya ng'ombe, inayovikwa kamba pale inapogusa mti. Mshono wake uwe wa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, uzi ukiwa umepakwa nta. Mshono huo uzi ukikatika mahali pamoja haufumuki wote, tofauti na wa cherehani.

Hata hivyo, nionavyo mimi, ala isishonwe ikafungwa moja kwa moja. Fundi ashone kingo tu na kutoboa matundu, kisha ifungwe kwa kamba kama kiatu. Kwa nini? Kwa sababu ngozi haibebi uzito wa mtu, kamba ndiyo inayobeba. Ala isiyofunguka huficha kamba iliyolika, na mvunaji hupanda akijiona salama kumbe sivyo. Kila asubuhi aifungue na kuikagua kamba kwa macho na vidole.

Matunzo yake si ya gharama. Ngozi ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, ianikwe kivulini wala si juani au karibu na moto, maana itakauka na kupasuka. Ipakwe mafuta kidogo ya mnyama. Uzi ukianza kulika, ishonwe upya kabla haijaachia. Aidha, wasafirishaji wenzangu, tusipakie kamba pamoja na betri za magari. Asidi huila nailoni.

Wapo watakaosema miche mipya itamaliza tatizo. Ni kweli Tanzania tangu mwaka 2018 imehimiza mbegu bora kupitia kituo cha utafiti cha Kihinga, Kigoma, na mchikichi ukiwa bado mfupi huvunwa mtu akiwa chini. Lakini nao utarefuka, na ile mikongwe ingali inapandwa.

Basi nani alipe? Mvunaji wa kibarua hana uwezo wa kununua kamba mpya kila inapochakaa. Mwenye shamba atoe kamba na ala, nasi wanunuzi tukubali gharama hiyo iingie kwenye bei ya dumu. Tunalipa ushuru, mtumbwi na wapagazi bila kulalamika sana, hili litushinde?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mvunaji anachumia juu ya mti. Akianguka, kivulini tutakula sisi peke yetu.