Agizo la "Fanya Mazoezi" na Njia ya Vilima vya Pugu

Katika kliniki za shinikizo la juu la damu na kisukari zilizo katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuna agizo linalotamkwa mara nyingi kuliko jina la dawa yoyote: "Ufanye mazoezi." Aghalabu hutamkwa mgonjwa akiwa amekwisha kusimama, kadi mkononi, mguu mmoja mlangoni. Mama auzaye vitenge Mtaa wa Kongo, aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo, hulijibu kwa adabu iliyochanganyika na mshangao: "Mazoezi gani tena, mwanangu? Siku nzima nimesimama." Muuguzi hutabasamu na kumwita anayefuata. Agizo hufia hapo.

Swali la mama huyo halitokani na uvivu, na linastahili jibu la kitaalamu. Kusimama kutwa nyuma ya meza ya biashara, au kusukuma mkokoteni wenye magunia kutoka Gerezani hadi Msimbazi, ni kuchoka. Lakini kuchoka si sawa na kuujenga moyo. Watafiti wa Ulaya wamebainisha tofauti kati ya jasho la kazi na jasho la hiari: kazi nzito ya saa nyingi, isiyo na mapumziko ya kutosha, huuweka mwili katika mkazo, na shinikizo la damu hukaa juu kwa muda mrefu. Matembezi ya hiari huupandisha moyo kwa muda mfupi, kisha huuacha utulie. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mpagazi wa Kariakoo ana dakika hizo mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa. Asichokuwa nacho ni mwendo ambao yeye mwenyewe ameupangia kasi na pumziko.

Basi atembee wapi? Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni tambarare na limejaa. Njia ya waenda kwa miguu imekaliwa na bidhaa, na pikipiki hupita panapobaki. Eneo la wazi lililo karibu ni Mnazi Mmoja, nalo lina historia inayochoma: wapangaji mji wa kikoloni waliliacha wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika na mitaa ya jamii nyingine, na afya ikatajwa miongoni mwa visingizio. Leo mgonjwa wa Kariakoo anaweza kulizunguka asubuhi kabla ya jua kali. Hilo litoshe kwa siku za kazi.

Kwa siku ya mapumziko kuna vilima vya Pugu, yapata kilomita 30 kusini-magharibi mwa jiji, kwa njia ya Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe. Si milima mirefu. Vilele vyake vina takriban mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa mkazi wa tambarare, hata hivyo, hicho ni kipimo cha haki. Ndani ya msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, ulio mabaki ya misitu ya kale ya pwani, njia hupanda taratibu chini ya kivuli, na penye uwazi juu mtembezi hugeuka nyuma na kuliona jiji limelala mbali, bila kelele zake.

Mahali hapo pa kutazama pana kazi ya kitabibu. Mtembezi asimame, avute pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya alivyoivuta, asikilize ndege, ahisi nyayo zinavyoikanyaga ardhi, simu ikiwa mfukoni. Akili ikikimbilia deni la mzigo, airejeshe kwenye pumzi bila kujilaumu. Kutembea kwa utulivu wa namna hii husaidia kupunguza wasiwasi. Lakini ni kosa kuuza utulivu huo kama tiba mbadala: asiyemeza vidonge vyake kwa sababu "amepanda mlima" amejidanganya, na mhudumu aliyemwachia imani hiyo amekosa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watalii. Nauli ipo, kiingilio cha hifadhi kipo, na siku moja bila biashara ni hasara. Ndiyo maana safari hii ipangwe mara moja kwa mwezi, wala isigeuzwe sharti. Ila kumnyima mchuuzi kilima kwa kudhani hakimfai ni aina nyingine ya kumdharau.

Maandalizi ndiyo sehemu ambayo kliniki haiwezi kumwachia mgonjwa peke yake. Mwenye shinikizo la 180 kwa 110 au zaidi asipande mpaka lidhibitiwe. Mwenye maumivu ya kifua anapojitahidi, au aliyepata kiharusi karibuni, amwone daktari kwanza. Atumiaye dawa za kutoa maji mwilini hukauka upesi juani, na kizunguzungu humpata akiinuka ghafla. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asitoke bila kula, na abebe sukari au juisi mfukoni mwake mwenyewe, si katika mkoba wa mwenzake aliyetangulia. Akiwa na ganzi ya miguu, kandambili hazifai kabisa: avae viatu vilivyofungwa na soksi, na akirudi azikague nyayo zake. Anayetumia atenololi asiongozwe na mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa huyashusha. Kipimo chake kiwe mazungumzo. Akiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni wa kadiri. Akishindwa, akae chini. Mwenye ugonjwa wa selimundu anywe maji kabla ya kiu.

Juni hadi Agosti ni miezi mizuri. Wakati wa masika udongo huteleza, na magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko kupanda. Mtu asiende peke yake, wala asiache kujiandikisha langoni. Mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, yenye popo wengi, yatazamwe kwa mbali: virusi vya Marburg vimewahi kuhusishwa na pango la Kitum, Mlima Elgon, nchini Kenya, mwaka 1980 na 1987, na vumbi la kinyesi cha popo huweza kuleta maradhi ya mapafu. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba. Kiungo kitulizwe, naye apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Yote haya hayawezi kusemwa mlangoni. Yanahitaji dakika tano za kukaa, na mistari mitatu kwenye kadi ya kliniki: mahali, siku, na jina la atakayemsindikiza. Mama wa Mtaa wa Kongo akirudi mwezi unaofuata, muuguzi asimwulize kama "anafanya mazoezi". Amwulize amepumzika mara ngapi kabla ya kufika juu, kisha aandike idadi hiyo chini ya vipimo vya shinikizo lake.