Waliosoma Pamoja Wasingoje Msiba

Kila mwisho wa mwaka mabasi yatokayo Dar es Salaam huteremsha watu wengi mjini Same. Wengi wao hubadili gari hapo na kupanda milimani, kwenda Mamba, Vudee, Chome, Suji na Mbaga, kuwaona wazazi na kutazama mashamba. Miongoni mwao wamo walimu na watumishi wengine wa umma ambao miaka 20 au zaidi iliyopita walilala bweni moja katika vyuo vya ualimu vya Marangu, Korogwe au Mpwapwa. Hupishana stendi, husalimiana kwa haraka, hupeana namba za simu ambazo wanazo tayari, kisha kila mmoja hushika njia yake. Wengine hawaonani tena mpaka kwenye maziko.

Hili si jambo dogo. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka uliofuata, Taifa lilihitaji walimu wengi kwa haraka. Vijana walitoka vyuoni wakapangiwa kazi popote palipokuwa na upungufu. Kijana wa Upare alijikuta Kigoma au Rukwa, mahali ambapo hakuwa na shangazi wala mjomba, na ndugu wa pekee aliyemjua alikuwa mwenzake wa chuoni aliyepangiwa kijiji cha pili. Waligawana godoro na unga mpaka mshahara wa kwanza ulipofika. Udugu wa namna hiyo haukutokana na ukoo, na hauna mzee wa kuusimamia.

Leo watu hao wengi wao wamevuka miaka 40, na maisha yamewatawanya. Mmoja ni Afisa Elimu Kata, mwingine ameacha kazi akaingia biashara, wa tatu bado anafundisha darasa la pili kwa chaki ile ile. Yupo aliyefiwa na mwenzi wake, na yupo aliyegundulika kuwa na kisukari asiyetaka kijiji kijue. Hapa ndipo ukimya unapoanza. Aliyepanda cheo huacha kupokea simu za wenzake kwa kuogopa kuombwa uhamisho; aliyebaki darasani huacha kupiga simu kwa kuogopa kudhaniwa kuwa anaomba. Hofu hizo mbili zimeua urafiki mwingi kuliko umbali wa Kigoma. Mkubwa anayefuata taratibu hana sababu ya kujificha: anaweza kumwambia mwenzake kwamba ombi lake halimo katika uwezo wake, kisha akamwuliza habari za watoto. Anayeshindwa hata hilo amelewa cheo.

Yatasemwa kwamba siku hizi kila darasa la zamani lina kundi lake katika simu, kwa hiyo hakuna aliyepotea. Ni kweli makundi yapo. Lakini kinachopita humo ni tangazo la msiba, namba ya kutumia fedha, na orodha ya waliotoa pamoja na kiasi walichotoa. Watani wa Wapare, ambao hawachoki kuwasema kwa ubahili, wangeshangaa kuona jinsi michango hiyo inavyokwenda vizuri. Hata hivyo, mwalimu ambaye mkopo umekula mshahara wake hukosa jina katika orodha mara mbili tatu, kisha hujiondoa kimya kimya. Hakuna anayemfuata kumwuliza. Naye ndiye aliyehitaji kundi kuliko wote.

Tena kuna suala la kustaafu. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kwa walioajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, siku hiyo haiko mbali kama wanavyodhani. Mafao yanataka kumbukumbu: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja. Mchwa wamekula barua nyingi, na nyingine zimepotea katika uhamisho. Aliyeajiriwa siku moja na wewe, kwa barua ya tarehe ile ile, anaweza kukukumbusha kilichopungua katika jalada lako wakati bado kuna miaka ya kukitafuta.

Wapare wana ndiva, mabwawa ya asili yanayokusanya maji ya mifereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu mashambani. Ndiva isipozolewa tope hubaki na maji kidogo hata mto ukiwa umejaa, na kazi ya kuzoa hufanywa kwa msaragambo, wenye mashamba makubwa na wenye vijishamba pamoja. Waliosoma pamoja nao wangeweza kuitana hivyo mara moja kwa mwaka. Mji wa Same unafaa, kwa kuwa barabara za milimani huanzia hapo. Tena unazijua shughuli za kukusanyika, maana mwaka 1945 maelfu ya Wapare walipiga kambi hapo kuipinga kodi ya mbiru. Siku moja mwezi Desemba, kabla ya kupanda mlima, inatosha. Mkazi wa mjini aombe darasa la shule iliyofunga, kila mmoja aje na nauli yake na jalada lake, Afisa Elimu Kata akae dawati moja na mwalimu wa darasa la pili, na suala la michango lisitajwe kabisa siku hiyo.