Mbwa naye alikula sikukuu

Jumatatu ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, mtoto wangu wa tatu alibisha mlangoni pa chumba chetu: "Baba, Mlinzi anatapika, wala hataki kuamka." Nikatoka na taa. Nikamkuta mbwa wetu amejikunja nyuma ya jiko, mgongo umepinda, na mbele yake matapishi ya mafuta yenye vipande vya mifupa.

Nilipouliza nani amemlisha, wote walinyamaza. Baadaye mambo yakafunuka kidogo kidogo. Mmoja alimpa ngozi ya mbuzi yenye mafuta, wa pili mifupa ya kuku, wa tatu akammiminia mabaki ya mchuzi wenye vitunguu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyemhurumia. Mimi nami, nisifiche, nilimtupia mfupa chini ya meza.

Asubuhi ile nyumba ikajaa waganga. Mama mkwe, aliyekuja kula sikukuu pamoja nasi, akasema, "Mwalimu, mpeni maziwa, yatazima sumu." Jirani akaleta kikombe cha maji ya chumvi, ati mbwa atapike yote. Kijana wake akaja na vidonge vya homa. Wote walikuwa na moyo mwema, lakini dawa zote tatu zingemzidishia taabu. Mbwa wengi wazima hawayeyushi vema sukari iliyomo katika maziwa, nao huhara zaidi. Chumvi nyingi ikiingia katika damu yaweza kumwua. Na vidonge vyetu vya maumivu, kama vile paracetamol na ibuprofen, kwa mbwa vyaweza kuwa sumu hasa. Nikamjibu mama mkwe kwa upole: "Mama, tumpumzishe tumbo kwanza." Hakupendezwa, lakini alikubali.

Basi, mbwa mzima anayetapika, asiye na dalili nyingine mbaya, hupumzishwa chakula saa kumi na mbili hivi. Maji hanyimwi, ila apewe machache machache, mara kwa mara, maana akinywa bakuli zima kwa pupa atayatapika tena. Kutapika kukikoma, apikiwe wali laini na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa, bila mafuta, bila chumvi, bila kitunguu. Fungu moja ligawanywe mara nne kwa siku. Baada ya siku mbili au tatu huchanganyiwa chakula chake cha kawaida polepole. Mbwa mchanga, huyo asishindishwe njaa: nguvu zake huisha upesi, na akihara damu yafaa apelekwe kwa veterineri siku ile ile.

Wanafunzi watauliza kwa nini chakula kinachotufaa sisi kimdhuru mbwa. Mafuta mengi huweza kuwasha kongosho, kiungo kilicho karibu na tumbo kinachotoa maji ya kuyeyushia chakula. Ndipo mbwa anapojikunja kwa maumivu. Mfupa uliopikwa huvunjika kwa ncha kali, nazo zaweza kutoboa utumbo au kuuziba. Shokola ina kitu kiitwacho teobromini, ambacho mwili wa mbwa hukiondoa polepole mno, hata moyo wake ukaenda mbio. Zabibu, mbichi na kavu, zaweza kuharibu figo. Vitunguu, vya maji na saumu, vibichi hata vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Ubaya wake ni kwamba madhara huweza kuonekana siku kadhaa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kusahau sikukuu. Kwa hiyo nilifunua mdomo wa Mlinzi kila asubuhi kwa juma zima, nikitazama fizi. Fizi zikipauka, au mkojo ukiwa mwekundu au wa kahawia, ni hatari.

Kuna hali nyingine zisizongoja wali. Tumbo likivimba na mbwa akijikamua kutapika bila kutoa kitu, akitapika maji yenyewe, akitoa damu, akitetemeka au kuanguka, au ukivuta ngozi ya shingo nayo ikakawia kurudi mahali pake, atafutwe veterineri bila kukawia. Mwelezeni alichokula, kiasi gani na saa ngapi. Watoto waseme kweli bila kuogopa fimbo, kwa sababu tukiwatisha watanyamaza, na mganga atapapasa gizani.

Sasa niseme jambo lililonitia hofu kuliko yote. Mtoto wangu mkubwa alitaka kutia mkono kinywani mwa Mlinzi, aone kama mfupa umekwama. Nikamshika mkono kwa nguvu. Mbwa asiyeweza kumeza, anayedondosha mate, taya limelegea, huonekana kama amekwamwa na mfupa. Kumbe pengine ni kichaa cha mbwa kilicholemaza koo lake. Ugonjwa huo huambukiza kwa mate, na dalili zake zikitokea kwa mtu, karibu daima huua. Msimshike mbwa kama huyo, mwiteni mjuzi. Aliyeumwa, au aliyerambwa penye mchubuko, aoshe mahali pale kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwezi wa Julai 1885, naye akapona. Chanjo ipo, lakini yataka haraka.

Mlinzi wetu alikuwa na chanjo yake, na mate hayakumtoka. Siku ya nne alikula, akarudi langoni kubwekea wapita njia. Mabaki ya sufuria sasa twayafukia shimoni na kufunika kwa bamba zito. Mama mkwe amerudi kwao; juzi alituma mtu atusalimu, naye aliuliza habari za mbwa kabla ya kuuliza habari zangu.