Mwalimu wa mazingira akizitaka kura za Garsen

Uchaguzi wa 10 Agosti 2027 ungali mbele lakini Garsen haina desturi ya kusubiri. Majina yashaanza kutajwa barazani, na kila msimu kama huu hakosekani mtu wa mazingira: mwalimu aliyepanda mikoko na watoto wa shule, au kijana aliyezunguka vijiji akieleza watu haki zao za ardhi. Wazee humwambia, wewe wazijua shida zetu, ingia. Nami nauliza: aingie kiti gani, na akishaingia, nani atabaki pale alipotoka?

Mfano mkubwa tulio nao Kenya ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Twaikumbuka Nobel ya 2004, njia iliyomfikisha huko twaisahau. Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka 1982 akajiuzulu ili awanie ubunge katika uchaguzi mdogo kwao Nyeri. Akazuiwa kwa hoja ya usajili wa wapiga kura. Aliporudi chuoni akakuta mlango umefungwa, na nyumba ya chuo ikaenda pia. 1997 akawania urais na ubunge wa Tetu kwa pamoja, akakosa vyote viwili. Ni 2002 ndipo Tetu ilipomchagua kwa tikiti ya NARC, na mwaka uliofuata Rais Kibaki akampa uwaziri msaidizi wa mazingira. Msaidizi, yaani mwenye kalamu ni mwingine. Kufika 2007 kiti kikaponyoka.

Sasa tazama. Bustani ya Uhuru aliitetea 1989 akiwa hana cheo chochote serikalini. Msitu wa Karura, miaka kumi baadaye, ni vivyo hivyo. Mwaka 2008, alipokuwa ameshatoka bungeni, alikuwa miongoni mwa waliopinga hadharani mradi wa miwa katika delta yetu. Mimi kwa upande wangu sijapata kusikia mtu akikitaja kitu alichokifanya akiwa wizarani kwa fahari kama hiyo.

Mradi ule wa miwa wafaa kukumbukwa, maana vijana wengi walikuwa wadogo. TARDA na Mumias walitaka takriban hekta 20,000, palipo malisho ya dhiki ya Waorma na mashamba ya Wapokomo. NEMA ikauidhinisha, watu wakaenda Mahakama Kuu Malindi, na Julai 2008 ukasimamishwa kwa muda. Miwa ile haikupandwa kama ilivyopangwa. Mumias yenyewe 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Haya yalifanywa na wafugaji, wakulima, wavuvi na wanaharakati waliokaa meza moja, na wengi wao hawakuwahi kuitwa mheshimiwa.

Hata hivyo siwezi kusema mtu wa mazingira asiingie siasa. Harakati hujua kuzuia. Kujenga kunataka bajeti na sheria, na hivyo viko mikononi mwa waliochaguliwa.

Ila ajue kiti kipi chafanya nini. Jadweli ya Nne ya Katiba imegawa kazi. Ulinzi wa maji na usalama wa mabwawa ni wa serikali ya kitaifa. Mto wetu umefungwa juu huko kwa mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Yakizuia maji, mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakirutubisha mpunga hupungua, na huku Kipini chumvi ya bahari hupata nafasi ya kupanda mto. Yakifurika, vijiji vyaamka ndani ya maji. Mwakilishi wa wadi hawezi kuamrisha lango la bwawa hata moja. Mbunge naye hawezi, lakini aweza kuwaita wahusika mbele ya kamati na kuwauliza.

Kaunti, kwa upande wake, ina mipango ya ardhi, kilimo na mifugo, pamoja na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Nani alime wapi na ng'ombe wapite wapi kufika mtoni ni mambo ya kaunti. Kwa hivyo mwalimu wetu huenda akawa na nguvu zaidi Hola, katika bunge la kaunti, kuliko Nairobi. Garsen ina wadi sita. Lakini nani amshangilie anayewania uwakilishi wa wadi? Sote twataka mbunge.

Hapa ndipo penye uzito wenyewe. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, wake kwa waume na watoto, Waorma na Wapokomo. Riketa peke yake walikufa zaidi ya hamsini kwa asubuhi moja. Na katikati ya msiba huo, Septemba 2012, delta ikaandikwa kuwa ardhioevu ya Ramsar, hekta 163,600. Dunia ilitupa heshima kwa ndege na viboko huku sisi twazika. Mpango wa matumizi ya ardhi uliofuata ulihitaji watu wa kuingia manyatta asubuhi na kijiji cha wakulima jioni, na kote wakapewa kiti na chai.

Mtu wa namna hiyo akishika kipaza sauti cha chama, siku ile ile huulizwa: wa nani huyu? Hesabu za kura kwetu hufanywa kwa kabila, hilo tusidanganyane. Akitaka kushinda atahitaji wazee wa upande mmoja wamwidhinishe, na upande wa pili utamhesabia tangu hapo. Malka ikizibwa na shamba, au shamba likiliwa na ng'ombe, nani ataitwa usiku? Wakati uleule, kama ni mwalimu wa serikali, atakuwa ameacha mshahara: kwa uchaguzi wa 2022 watumishi wa umma walitakiwa kujiuzulu miezi sita kabla. Akishindwa hana darasa, na vijiji vya upande mmoja havimwamini tena.

Akinijia mmoja wao kutaka ushauri, nitamuuliza kwanza amemfunza nani kazi yake. Kisha nitamuuliza kama wazee wa Gasa na wazee wa Waorma wamemsikia pamoja, katika kikao kimoja, akisema anataka kiti, na walimjibu nini.